Nimenunua dola kwa 2,705, jana biuro wananiambia 2,430. Ni nani anaichezesha hii kitu?

#1 mzee_wa_spea
Wakuu heri ya Nyerere Day, leo Oktoba 14, 2025. Duka nimefunga leo kwahiyo nina muda wa kuandika machungu yangu, mnivumilie.

Mwezi wa tano dola ilikuwa inapaa kila siku, unaingia biuro asubuhi 2,695 ukirudi mchana 2,705. Nikasema hapana, nisije nikaumbuka kama 2023 tulivyokuwa tunazunguka mabenki unaambiwa dola hakuna, ukibahatika unapewa mia tano kama sadaka. Nikavunja akiba nikanunua dola elfu ishirini, milioni 54 na laki moja. Nilitaka kuvuta kontena la spea mwezi wa saba, mshirika wangu akapata msiba akajitoa, mzigo ukalala, dola zikakaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Jana nimezipeleka biuro ileile, kijana ananiambia mzee sisi tunanunua 2,430. Pigeni wenyewe, milioni 5 na nusu zimeyeyuka na kopo halijaguswa hata na mende.

Swali langu, nani anaichezesha hii kitu? Redioni wanasema uchumi umeimarika, mtandaoni wanasema Trump, shemeji yangu anasema dhahabu. Na kabla hamjaniuliza mbona spea sijashusha bei, sijashusha kwasababu mzigo uliopo dukani niliuvuta kwa dola ya 2,600 na kitu, siwezi kuuza hasara mara mbili.

#2 chokoraa_msomi
Naweka kambi hapa na kahawa na kashata.

#3 Kiboko ya Mahesabu
Pole mzee. Ila ukitaka kumjua mchawi wako anza Washington, usianze Kariakoo. Dola ni kama mifugo, inafata majani. Machi 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri, mfumuko wa bei ukawakaba, mpaka Julai 2023 wakawa wameipandisha hadi 5.25 mpaka 5.50. Sasa mtu mwenye hela zake London au Singapore, kama anaweza kuikopesha serikali ya Marekani akala asilimia 5 amelala, atafata nini huku kwetu kwenye joto? Dola zikarudi nyumbani dunia nzima, ndo ule ukame wako wa 2023 wa kupewa mia tano. Septemba 2024 wakaanza kushusha, walikata nusu asilimia kwa mpigo, na mwezi uliopita wamekata tena robo, sasa ipo 4 mpaka 4.25. Majani yameanza kukauka kule, ng'ombe wanatoka tena kutafuta. Hiyo ndo hesabu, mengine ni nakshi tu.

#4 mwana_mikindani
Kiboko unaenda mbali wakati jibu lipo kwenye kalenda ya ukutani. Kuanzia mwezi wa saba watalii wamejaa Serengeti na Zanzibar, mwezi wa kumi minada ya korosho inaanza huku kwetu, dhahabu inauzwa mwaka mzima. Dola zinaingia zote kwa pamoja. Desemba mwaka jana si ilitoka 2,700 mpaka ikasogelea 2,400? Watu wakashangilia weee, kufika mwezi wa tano mwaka huu imerudi 2,690. Na sasa imeshuka tena. Mzee wa spea umenunua dola mwezi wa tano ni sawa na mtu anunue embe mwezi wa sita afu Desemba anakuja kulia mbona zinamwagwa barabarani.

#5 binti_kisutu
Embe mwezi wa sita hahahahaha. Pole lakini mzee wangu.

#6 Kiboko ya Mahesabu
@mwana_mikindani msimu upo tangu enzi za mkoloni mkuu, korosho hazijaanza kuokotwa 2024. Miaka ya nyuma dola ilikaa 2,300 kwa 2,300 miaka na miaka, msimu uje msimu uondoke. Kutoka 2,700 kwenda 2,400 ni asilimia 11, hiyo sio korosho.

#7 mwana_mikindani
Ilikaa 2,300 kwasababu benki kuu ilikuwa inaishikilia, sio kwasababu msimu haukuwepo. Sasa hivi wameiachia ipumue kidogo ndo unaona kifua kinapanda na kushuka. Kifua kilikuwepo.

#8 Mkuki wa Likoni
Salaam kutoka Mombasa. Hapo kwa Washington ngoja nitie neno. Sisi huku Januari 2024 dola ilivuka shilingi 160 za Kenya, wallahi watu walikuwa washaapa kuwa itagonga 200. Wakati huo riba ya Marekani iko palepale 5.50, haijaguswa. Mwezi wa pili serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75, riba ya shylock hiyo, ili wapunguze lile deni la Yurobondi ya 2014 la bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Basi. Wiki chache dola ikaporomoka mpaka 130 na kitu, na mpaka leo iko 129 imeganda kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Washington hakuna aliyepiga hata chafya. Kilichokuwa kinapandisha dola kwetu ni woga, kila mwenye shilingi aliogopa Kenya itashindwa kulipa, kwahiyo mwagizaji ananunua dola za miezi sita mbele, na muuzaji nje hataki kuleta zake anazikalia. Woga ulipoondoka dola zikatoka chini ya magodoro.

#9 chokoraa_msomi
Kwahiyo kwa mujibu wa Mkuki, dola ilipanda mwezi wa tano kwasababu kuna mzee mmoja Kariakoo aliogopa akanunua elfu ishirini akaziweka kwenye kopo. Mkuu uombe radhi taifa.

#10 mzee_wa_spea
Mmenigeuzia kibao sasa. Mimi niliyepigwa nimekuwa mwizi.

#11 Kiboko ya Mahesabu
@Mkuki umesimulia nusu. Mwezi huohuo wa pili serikali yenu iliuza hati fungani ya miundombinu kwa 18.46, wageni wakamwaga dola zao wakale asilimia 18. Sasa hiyo sio riba? Nimesema ng'ombe hufata majani, mliotesha majani marefu kuliko ya Washington wakaja. Umenithibitishia hoja.

#12 Mkuki wa Likoni
Basi kila kitu ukikiita majani huwezi kushindwa ubishi. Ile riba kubwa haikuanza mwezi wa pili bwana, bondi za serikali zilikuwa washazipandisha miezi kadhaa nyuma na dola ikazidi kupanda. Ilipoondoka hofu ya Juni ndipo wakaja.

#13 duara_namba_tisa
Wakuu mimi nipo Geita, sio msomi ila hii ya dhahabu naijua kwa mikono yangu. Dhahabu wiki iliyopita imevuka dola 4,000 kwa wakia, mwezi wa tano ilikuwa 3,300 hivi. Nchi inauza dhahabu nyingi, dola zinaingia, shilingi inapanda. Shemeji yake mzee yupo sahihi.

Ila nina donge langu. Mimi nikitoa mawe kwenye duara (shimo la dhahabu) nalipa karasha ya kusaga mawe, nalipa dizeli ya pampu, nalipa vijana mgao wao, nikifika kuuza napigwa. Juzi nimepewa laki 2 na elfu 70 kwa gramu. Wakia ni gramu 28, 4,000 gawa kwa 28 ni dola 142 na ushee, zidisha 2,450 inakuja laki tatu na hamsini. Elfu themanini kwa kila gramu inaliwa na nani?

#14 fundi_mizani
@duara_namba_tisa pole na kazi, ila hapo umechemka. Gramu 28 ni wakia ya vyakula, ya kupimia unga wa keki. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Rudia hesabu, 4,000 kwa 31.1 ni dola 128 na senti, kwa 2,450 ni kama 315,000, na hiyo ni dhahabu safi kabisa ya tisini na tisa nukta. Yako ikipimwa inasoma ngapi?

#15 duara_namba_tisa
Ilisoma 92.

#16 fundi_mizani
Basi 92 ya 315,000 ni 290,000. Toa mrabaha wa serikali asilimia 6 na ukaguzi asilimia 1, unabaki na laki mbili na sabini kasoro kidogo. Umelipwa sawasawa mkuu, hakuna aliyekula. Siku nyingine beba kikokotoo usibebe hasira.

#17 duara_namba_tisa
Dah. Asante sana fundi, nilishamnunia yule mama wa watu anayenunua dhahabu bure. Ila ona kitu kingine basi. Mwezi wa tano kwa fomula yako gramu safi ilikuwa dola 106, kwa 2,690 ni laki mbili na themanini na tano. Leo 315. Yaani dunia nzima inaimba dhahabu imepanda asilimia ishirini na kitu, mimi mfukoni nimeona kumi tu, nyingine imemezwa na hiyo shilingi mnayoishangilia. Dizeli hainiuliziagi.

#18 shangazi_wa_hisa
Nimesoma wote, mnazunguka zunguka. Hamna aliyesema kwamba dola yenyewe imeugua. Miezi sita ya kwanza ya mwaka huu dola imeshuka zaidi ya asilimia 10 dhidi ya sarafu kubwa, euro, yeni, pauni, nusu mwaka mbaya kuliko zote tangu 1973. Sio shilingi tu iliyopanda, ni yule aliyekuwa amesimama juu ya stuli kateremka.

Na mjue lilianza vipi. Tarehe 2 Aprili Trump kasimama bustanini na lile bango lake la ushuru kwa nchi zote. Siku zote dunia ikiingiwa na hofu watu hukimbilia dola, ndo kibanda cha kujikinga mvua. Safari hii mvua ilinyesha ndani ya kibanda. Hisa zinaanguka, dola inaanguka, na hati fungani za Marekani nazo zinauzwa, vitu vitatu ambavyo kwa kawaida haviendi pamoja. Wiki moja baadae akaahirisha kwa siku 90, isipokuwa kwa Wachina ambao aliwapandishia mpaka asilimia 145, Mei wakaenda Geneva wakashusha mpaka 30. Mwezi huohuo wa tano Moody's, kampuni inayopima nani anaweza kulipa madeni, wakawanyang'anya Wamarekani ile alama yao ya juu kabisa kwa ajili ya madeni. Mwezi wa tano, mzee wa spea. Wakati dunia inatoka kwenye dola wewe ndo unaingia.

#19 binti_kisutu
Shangazi una roho ngumu jamani, mzee ataanguka.

#20 mzee_wa_spea
Acha aseme, nimeshaanguka. Ila shangazi swali moja, kama dola iliugua tangu Aprili mbona Mei kwetu ilikuwa ndo inapaa mpaka 2,705?

#21 shangazi_wa_hisa
Hapo ntakubaliana na mwana mikindani, mwezi wa tano ni njaa ya dola kwetu. Ugonjwa wa dola ulifika bandarini umechelewa kama mizigo yenu.

#22 mwana_mikindani
Asante. Tuandikiwe hiyo.

#23 Abuu Ruwi
Assalaam aleikum. Mimi nipo Muscat mwaka wa tisa, kwetu Tanga. Hii mnayoiita shilingi imepata nguvu mimi imenigombanisha na mama. Riali ya huku imefungwa kamba na dola, riali moja ni dola 2.60 tangu 1986 haisogei. Kila mwezi natuma riali 100, yaani dola 260. Mwezi wa tano ilikuwa inafika karibu laki saba kamili. Mwezi huu imefika laki sita na thelathini na saba. Mama kapiga simu, mwanangu umeoa huko mbona umepunguza. Namwambia mama sijapunguza hata baisa moja, anasema fundi kaja, simenti ilitakiwa mifuko ile ile na hela imepungua mifuko minne, nieleze. Nimweleze benki kuu ya Marekani imefanya nini? Nimeongeza riali 10 yakaisha.

#24 kijana_wa_Sinza
Sasa Abuu kama riali moja ni dola mbili na nusu, Oman inaizidi Marekani? Si na sisi tukate sifuri tatu tu dola iwe shilingi mbili na nusu.

#25 Abuu Ruwi
Kijana, ukikata chapati vipande viwili badala ya nane hujaongeza unga. Riali inashikiliwa na mafuta na gesi, wanauza kwa dola na wana akiba ya kuilinda. Wewe ukikata sifuri mshahara nao umekatwa sifuri.

#26 jogoo_la_BRICS
Hamna haja ya kuumiza vichwa, dola ndo inakufa hivyo. BRICS, ule umoja wa kina Urusi na China, wameshatoa noti yao kule Kazan, Urusi, mwaka jana, Putin ameishika mkononi picha zipo.

#27 Kiboko ya Mahesabu
Jogoo ile noti ilikuwa ya maonyesho tu, Oktoba 2024 Putin alipewa kama kumbukumbu ya mkutano. Hakuna sarafu ya BRICS, huwezi kununulia hata pipi. Na zaidi ya nusu ya akiba za benki kuu za dunia bado ni dola.

#28 jogoo_la_BRICS
Sawa noti nimeteleza. Ila jiulizeni kwanini benki kuu zimenunua dhahabu zaidi ya tani elfu moja kila mwaka, 2022, 2023, 2024, miaka mitatu mfululizo. Waliona Urusi ilivyofungiwa akiba yake, dola kama bilioni 300, kwa barua tu baada ya vita ya Ukraine kuanza. Dhahabu iliyopo kwenye chumba chako cha chini hakuna anayeifungia kwa barua. Hicho ndo kinapandisha dhahabu, sio Trump, na sio riba. Riba ilipokuwa juu 5.50 vitabu vinasema dhahabu ilitakiwa ianguke maana haizai, haikuanguka.

#29 fundi_mizani
Hapo Jogoo kaongea. Na msidhani ni Wachina na Warusi peke yao, mnunuzi mkubwa kuliko wote 2024 alikuwa benki kuu ya Poland, tani 90. Poland ni NATO kabisa, sio adui wa Marekani. Kwahiyo wengine wanaogopa Marekani, wengine wanaogopa Urusi, wote wanakutana sokoni kwa duara namba tisa.

#30 duara_namba_tisa
Waje tu na mizani yao.

#31 Kiboko ya Mahesabu
Na nitie doa kwenye hoja ya dhahabu kupandisha shilingi. Tangu Oktoba mosi 2024 wenye dhahabu wanatakiwa kutenga asilimia 20 iuzwe hapahapa, na BoT, benki kuu yetu, ananunua. Ananunua kwa nini? Kwa shilingi. Sasa gramu ambayo ingeuzwa nje ikaleta dola kwenye mabenki, imeishia kabatini kwa gavana na zimetoka shilingi mpya. Kwa hesabu ya moja kwa moja hiyo inapunguza dola sokoni. Nyie mnasema inaongeza.

#32 shangazi_wa_hisa
Kwa siku moja ni kweli. Kwa mwaka, mwenye duka akijua gavana ana dhahabu kabatini haogopi, asipoogopa hanunui dola za kopo. Rudi kwa Mkuki na woga wake.

#33 mwana_Kenya_Lushi
Jambo ba ndugu. Miye niko Kenya, nasoma tu mambo ya dola. Huku kwetu falanga inashuka inapanda hatuangalie sana, nyumba ya kupanga ni dola, masomo ya batoto ni dola, ata dukani bei iko ya dola.

#34 Mkuki wa Likoni
Kenya gani hiyo ndugu yangu? Falanga zimeingia lini Kenya bila mimi kujua?

#35 mwana_Kenya_Lushi
Kenya ni commune ya Lubumbashi, si Kenya ya Nairobi. Kila mara banacheka miye juu ya ile jina.

Sasa sikieni. Ile dola ya mzee ya ku kopo, aangalie isikuwe na ka mupasuko. Huku noti ikipasuka kidogo ku kando, ata kama nusu ya ukucha, banakatala. Ya dola moja moja banakatala vile vile. Miye nilikatazwa mia moja juu ya ka tundu ka sindano, nikaenda kwa mubadilishaji akanipa makumi tisa. Ndiyo bei ya tundu. Ile haiko Trump, haiko benki. Na mambo ya dunia iko ku madini: serikali ilifunga kutosha kobalti (madini ya batri) inje ya inchi tangu mwezi wa pili, keshokutwa banafungua na kota, kila mutu na kipimo yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka huku. Ba camion ilipungua barabara ya Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, na mama anauzisha fufu ku barabara naye alikosa bateja.

#36 binti_kisutu
Bei ya tundu la sindano ni dola kumi. Nimejifunza. Mzee kakague kopo.

#37 mzee_wa_spea
Nimekagua sasa hivi. Kuna moja ya mia ya zamani kichwa kidogo, biuro walinichomekea. Siku ya leo haijaisha jamani.

#38 chokoraa_msomi
Hiyo wapelekee makumbusho.

#39 chui_wa_foreksi
Nyote mnalia na senti, mimi Ijumaa usiku akaunti imeungua yote. Nilikuwa nimenunua bitcoin kwa levereji mara 20, nikaenda kuoga. Trump akaandika anawaongezea Wachina ushuru wa asilimia 100 kisa madini adimu, natoka bafuni na taulo bitcoin iliyoanza siku na 120 elfu na ushee imepita 105 kwenda chini, akaunti inasoma sifuri. Sijavaa hata shati.

#40 shangazi_wa_hisa
Ulikopa ukacheza na mara 20 ya hela yako ukaenda kuoga. Mimi hata nikichemsha maharage sitoki jikoni.

#41 kijana_wa_Sinza
Na Wahuthi, wale wapiganaji wa Yemen wanaoshambulia meli, mmewasahau. Bei hazishuki Kariakoo kwasababu meli kutoka China haziwezi kupita bahari ya Shamu zinazunguka Afrika Kusini.

#42 Mkuki wa Likoni
Kijana fungua ramani. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini mwaka wa kumi na nne. Meli ya Guangzhou kuja Mombasa au Dar inapita Singapore, Malaka, inakata bahari ya Hindi moja kwa moja. Bahari ya Shamu haiko njiani kabisa, hiyo ni njia ya kwenda Ulaya. Ila usitupe hoja yote, kuna mlango wa nyuma. Meli za Ulaya zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema mwisho wa 2023, safari iliongezeka wiki na zaidi, kwahiyo meli nyingi na makontena mengi yakawa yako baharini tu, na yaliyobaki yakagombaniwa. 2024 nauli zilipanda hata kwa sisi ambao hatujawahi kumuona Mhuthi. Mteja wangu mmoja alisubiri kontena tupu China wiki tatu, mzigo uko kwenye ghala, hakuna sanduku la kuutia.

#43 mama_mwenye_fremu
Mimi naona mmeiruka sheria. Machi mwaka huu zimetoka kanuni, ni marufuku kutaja bei au kulipwa kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani. Nina apatimenti mbili Mikocheni, nilikuwa napokea dola kodi ya miezi sita, naziweka. Mpangaji wangu naye alikuwa anaenda kununua dola biuro aniletee mimi. Sasa ananilipa shilingi, wote wawili tumetoka kwenye foleni ya dola. Zidisha na shule, hoteli, viwanja. Hiyo ndo imeshusha, wala sio Poland.

#44 Kiboko ya Mahesabu
Mama kanuni imetoka Machi, dola Mei ikapanda. Eleza.

#45 mama_mwenye_fremu
Mikataba ilikuwa haijaisha baba, mimi mpangaji wangu wa mwisho wa dola ametoka Agosti. Sheria haifanyi kazi kama swichi ya taa.

#46 mwana_mikindani
Na Agosti ni msimu wa utalii. Naendelea kuhesabu.

#47 mzee_wa_spea
Haya nimewasikia wote, riba, korosho, woga, dhahabu, Trump, sheria, na kila mmoja akiongea naona amemaliza kumbe bado. Sasa nisaidieni cha kufanya. Mchina wangu wa Guangzhou kanitumia ujumbe, anasema nikimlipa kwa RMB (yuan, hela ya kwao) atanipunguzia asilimia mbili maana dola naye zinamsumbua kubadilisha. Nibadilishe dola kuwa shilingi afu RMB, nitapigwa mara mbili. Nikae nazo?

#48 Mkuki wa Likoni
Hilo la RMB usilidharau. Hata serikali yetu mwezi huu imegeuza mikopo ya reli ya SGR kutoka dola kwenda yuan, Hazina wanasema wataokoa dola milioni 215 kwa mwaka, kwasababu riba ya dola imekuwa juu kuliko ya Mchina. Sasa kama serikali imekimbia, wewe na kopo ni nani.

#49 Kiboko ya Mahesabu
Serikali imebadilisha mkopo, yeye anabadilisha noti, ni vitu viwili tofauti. Mzee dola zako mlipe Mchina hizohizo, asilimia mbili yake ni dola 400, biuro mbili zitakula zaidi ya hapo.

#50 shangazi_wa_hisa
Mwisho wa mwezi wanakaa tena Washington, wakikata riba dola itazidi kulegea. Mimi ningelipa mzigo kesho.

#51 mwana_mikindani
Mimi ningezifungia mpaka mwezi wa nne. Zitarudi juu kama mwaka huu, kalenda haijawahi kudanganya.

#52 chui_wa_foreksi
Mzee nipe elfu tano tu nikuzungushie, Jumatatu unapata nane.

#53 chokoraa_msomi
Vaa shati kwanza.

#54 mzee_wa_spea
Nimeongea na mke wangu. Anasema mwezi wa tano alinishauri tununue kile kiwanja cha Chanika nikamwambia hajui uchumi. Elfu kumi na mbili naweka oda ya mzigo kesho asubuhi, bushi na shokapu. Zinazobaki amezichukua na kopo lake, hajaniambia kazipeleka wapi.

#55 fundi_mizani
Na ile ya kichwa kidogo?

#56 mzee_wa_spea
Hiyo kaniachia.